Mkeka wa Fahad

Mbaluka alichungulia tena kwenye upenyo wa dirisha, na safari hii akaona kile alichokuwa akikiogopa. Syokau alikuwa amelala chali mkekani, na Fahad yuko juu yake, kifua kwa kifua.

Lo! Mchana kweupe, katikati ya mji wa Kitui, ndani ya ukumbi ambamo Jumapili watu humwimbia Mungu! Nusura auvunje mlango. Kisha akaona jambo lililomchoma zaidi. Mkono wa Syokau ulichomoza chini ya yule mwanamume ukampigapiga mgongoni, polepole, kama mtu anayembembeleza mpenzi. Fahad akainuka, akampa mkono, wakacheka.

Kucheka! Mbaluka hakukumbuka ni lini Syokau alicheka mbele yake.

Alirudi kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu. Akashika simu ya mteja, akaichokonoa bila akili mpaka kioo kipya kikapasuka. Wayua, jirani yake anayekaanga viazi karai, akaangua kicheko.

"Umelishwa nini leo, ndugu yangu, mwana wa mwaitu?"

"Ni huyu Fahad wa duka la vitambaa. Eti anamfundisha Syokau jujitsu, ile mieleka ya Kijapani."

"Si ni masomo? Nilisikia ni project ya chuo. Anajifunza huo mchezo, halafu anaandika vile alijifunza."

"Masomo gani ya kulaliwa?"

Wayua akageuza viazi. "Na Syokau mwenyewe anajua vile unaumia hivi?"

"Anajua. Mwanamke hujua."

"Haya. Lakini siku hizi simwoni hapa."

"Ana shughuli," Mbaluka alisema, akamgeuzia mgongo.

Mapenzi yalianzia hapohapo kibandani. Syokau alileta simu iliyopasuka kioo, na kama ilivyo desturi kwa mafundi wa simu, akataja nambari yake ya siri ili simu ijaribiwe ikishapona. Alivyoitaja! Kwa sauti ya chini, ameinama karibu, bila wasiwasi wowote. Mtu hampi mtu siri yake bure. Mbaluka alipoifungua, alikutana na picha ya Syokau nyumbani kwao Matinyani, amevaa gauni la manjano, amembeba mwana-mbuzi. Picha hiyo iko kwenye simu ya Mbaluka mpaka leo.

Tangu siku hiyo hakulegeza. Mawingu yakikusanyika, alimtumia ujumbe asisahau mwavuli. Akivaa sketi inayobana, alimwonya kwa upole. Lakini Syokau akaanza visirani vya wasichana wa chuo. Ujumbe hajibu. Akabadilisha laini ya simu. Akahama chumba bila kuaga. Mbaluka akavumilia, si mvumilivu hula mbivu? Kumbe mbivu ilikuwa inaliwa na Fahad! Sasa alielewa kila kitu, na kuelewa kwenyewe kulimnyima hamu ya chakula. Alimchukia Fahad, akayachukia na mabega yake mapana, akayachukia mpaka yale manukato yake yanayobaki njiani baada ya yeye kupita.

Ndipo alipoona tangazo kwenye lango la chuo. Wanafunzi wangewaeleza watu utafiti wao, na wote walikaribishwa. Jina la Syokau lilikuwepo. Mbaluka akapiga shati lake pasi na kung'arisha viatu. Alikuwa ameamua. Mbele ya walimu na wazazi angesimama aseme Syokau ni wa nani, na Fahad asikie kwa masikio yake mwenyewe.

Siku ilipofika, akaketi safu ya nyuma kabisa. Syokau akatoka mbele na lile vazi jeupe la jujitsu, nene kama blanketi, mshipi umefungwa kiunoni. Jamani, alipendeza! Mbaluka akamtafuta Fahad, akamwona safu ya kwanza. Kando yake alikaa mkewe Zulekha, mtoto wao amelala mapajani. Zulekha ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

"Mwanzoni niliogopa hata kuguswa," Syokau alieleza. "Mwalimu wangu alinifundisha jambo moja kabla ya yote. Ukizidiwa, mgonge mwenzako mgongoni. Akisikia tu, anakuachilia papo hapo. Nilipoamini kwamba kweli nitaachiliwa, mwili wangu ukaanza kujifunza."

Mbaluka akashusha pumzi. Kumbe ndiyo maana ya ule mkono! Aibu kidogo ikamshika, halafu furaha tele. Hakukuwa na mwanamume mwingine. Alikuwa amejitesa bure, kama mtu anayefukuza fisi ambaye hayupo. Hapo hapo akamsamehe Syokau yote, pamoja na ile laini na kile chumba, na akaamua hatasimama kusema lolote. Angemngoja tu nje ya mlango.

Mwalimu wa chuo, Daktari Kaveke, akainua mkono. "Umetueleza vizuri ulivyojifunza. Lakini michezo ni mingi, Syokau. Kwa nini ulichagua huu?"

Syokau akakaza mshipi wake. "Kuna mwanamume," akasema.

Aiai! Wivu ukamrudia Mbaluka wote kwa mpigo. Kumbe yupo!

"Sijui hata jina lake," Syokau akaendelea. "Ananifuata tangu mwaka jana, kila ninapoenda. Hata leo amekuja." Akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya ukumbi. "Ni yule pale."

Ukumbi mzima ukageuka. Mbaluka naye akageuka upesi, ngumi amekunja, amwone huyo mshenzi. Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu.