Chafya ya Kura ya Jeshi

Babu wa Mzee Bunlert alikuwa mkuu wa kijiji, na baba yake mwalimu mkuu. Wote wawili, siku ya kura ya jeshi, walichota karatasi nyeusi kwa mkono wa kulia, pumzi wameibana. Ndivyo wachotavyo watu wa heshima.

Sasa zamu ilikuwa ya mjukuu wake, ambaye mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Nyeusi ni kurudi nyumbani. Nyekundu ni miaka miwili kambini.

"Mkono wa kulia, na usipumue," mzee alimwagiza, akimpaka usoni poda iliyoombewa na mtawa.

Mbele ya ofisa wa jeshi, mkono wa kijana ukazama katika chungu cha kura hadi kwenye kiwiko.

"Baba kijacho, kambi inakungoja!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, watu wakacheka.

Poda ikamwingia kijana puani. Akapiga chafya iliyotikisa meza, na karatasi aliyokwisha kuishika ikamponyoka, ikarudi miongoni mwa nyingine.

"Haijatoka nje, haihesabiki," alisema ofisa. "Chota tena, bwana mdogo."

Kwa kuchanganyikiwa, kijana akatumbukiza mkono wa kushoto. Ofisa akaikunjua karatasi, akaiinua juu.

Nyeusi!

Mjukuu akaruka, akamkumbatia ofisa, kofia ikaanguka. Uwanja ukalipuka kwa shangwe.

Mzee Bunlert, uso mkavu, akawageukia vijana waliosalia kwenye foleni, poda mkononi.

"Nyinyi, nisikilizeni kwa makini, maana sirudii! Katika ukoo wetu, tangu enzi za babu yangu, mtu hupiga chafya kwanza, kisha huchota kwa kushoto. Haya, leteni pua!"