Zamu ya Shani

Mwalimu Tunu aliwafundisha watoto wa chekechea shairi jipya. Alisema mstari, nao wakaurudia kwa sauti zao nyembamba:

Njoo rafiki tucheze,
Kamba yetu tuikaze,
Ruka, usijiumize.

Walipolishika, akawatoa uani wakalicheze. Mwanahawa alikimbilia ncha moja ya kamba. Ncha ya pili haikuguswa na mtu, basi mwalimu akaiokota mwenyewe.

“Haya, nani anaruka?”

Watoto wakatazama mchanga.

“Usimwite mtu, Mwalimu,” alisema Mwanahawa. “Hii zamu ya Shani.”

Shani walikuwa wamemzika wiki iliyopita.

“Mwanahawa, mwanangu, Shani...”

“Najua. Mama kaniambia harudi tena. Lakini siku ile alikuwa bado hajamaliza zamu yake, kengele ikalia. Nikamwambia atamalizia kesho.”

Mwalimu akaanza kuizungusha kamba, lakini mtoto akatikisa kichwa.

“Piga magoti, Mwalimu. Ukisimama kamba inakuwa juu, na yeye mfupi.”

Mwalimu Tunu alipiga magoti mchangani, na gauni lake la kazini. Kamba ikazunguka chini chini, polepole. Watoto wakaanza shairi bila kuambiwa, kwa sauti ya chini, kama watu walio karibu na mtoto aliyelala.

Na kila kamba ilipogusa mchanga, Mwanahawa aliilegeza kidogo, miguu ipite.