Kiungo cha Maswali Manne

Kidole kidogo kilivunjika kabla swali la kwanza halijaulizwa.

"Hicho ni cha kukuonyesha kwamba hatutanii, shemeji," alisema muuguzi. Akailaza nyundo juu ya benchi taratibu, kama alazavyo sindano kwenye sinia.

Mtu aliyekuwa kitini alipiga yowe. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebanwa kwenye jiriwa, wa kulia umefungwa kwa kamba nyuma ya kiti. Nje ya karakana hakuna aliyesikia. Fundi seremala, mdogo wa kiume wa yule muuguzi, alikuwa ameiwasha mashine ya kuranda mbao, nayo ilinguruma kama siku yoyote ya kazi.

Fundi hakuweza kutazama. Jiriwa aliikaza yeye, kwa sababu tangu mama yao afariki hajawahi kumkatalia dada yake jambo, lakini moyo wake haukuwamo. Aliyebanwa pale alikuwa mume wa mdogo wao wa mwisho, yule aliyenyongwa chumbani kwake mchana kweupe, wiki tatu zilizopita. Mume alikuwa safarini. Alifika siku ya maziko, vumbi la njiani bado liko viatuni, akalia mpaka akashikwa mabega.

Huzuni imemla dada akili, fundi aliwaza.

Dada ndiye aliyeukuta mwili. Kabla hajaita mtu alimnyoosha marehemu, akamfunika shuka safi, akafuta meza, akafagia, akapiga deki. Ndivyo mikono yake ilivyozoea wodini. Fundi alifika dakika kumi baadaye, akakuta chumba kinanukia sabuni. Polisi walimfokea dada sana. Walipomuuliza aliokota nini, alijibu neno moja: "Takataka." Tangu siku hiyo hakuzungumza na mtu, mpaka jana.

Na ya jana yalikuwa ya ajabu zaidi.

"Nitamuuliza maswali manne, kama yale ya klabu," alimwambia fundi. "Akishindwa kutaja kiungo, utamfungua, nami nitampigia magoti nimwombe radhi."

"Akishindwa, dada? Si akipata?"

"Akishindwa."

Kila Jumamosi klabu ya wafanyakazi ilikuwa na shindano la maarifa. Yaliulizwa maswali manne, halafu kiungo, yaani jambo moja lililofichwa ambalo majibu yote manne yanalihusu. Anayekijua hupiga meza mara tatu. Shemeji alikuwa bingwa kwa miaka sita mfululizo, ndiyo maana watu walimwita Profesa. Aliwahi kupiga meza akiwa na homa kali, hajui hata nani amemleta pale.

"Uzi gani hutokana na mate ya kiwavi?" aliuliza muuguzi.

"Hariri! Shemeji, kwa nini unanifanyia..."

"Metali gani ni majimaji bila kuwekwa motoni?"

"Zebaki."

"Mabaharia wa zamani walipewa tunda gani ili fizi zisitoke damu?"

"Chungwa."

Nyundo ikashuka. Kidole cha pili kilivunjika kwa mlio wa kijiti kikavu, na damu ikaruka hadi kwenye kola ya fundi.

"Ni ndimu," alisema muuguzi.

"Hata chungwa ni sahihi!" Profesa alipayuka, mate na machozi vikimtiririka pamoja. "Kitabuni yametajwa yote mawili! Kamati ingenipa pointi!"

"Hapa kamati ni mimi."

Fundi nusura acheke huku akilia. Mtu anayegombea pointi wakati damu yake inadondoka kwenye maranda si muuaji, aliwaza. Huyu ana wazimu wa vitabu, basi. Nasi tunamvunjavunja bure.

"La mwisho. Chakula gani hukaa miaka na miaka bila kuoza?"

"Asali," Profesa alinong'ona.

"Haya. Kiungo."

Hariri, zebaki, ndimu, asali. Fundi alivipanga kichwani, akavipangua, akavipanga tena. Nguo, metali, tunda, chakula. Havikushikana kabisa. Alimshukuru Mungu kimyakimya, akaushika mpini wa jiriwa tayari kuulegeza.

"Hakuna kiungo, dada. Yaishe sasa. Ulisema mwenyewe."

"Kipo," alisema muuguzi bila kumtazama. "Labda bingwa wetu amezeeka."

Profesa akainua uso. Fundi alilifahamu jicho lile. Ni jicho la Jumamosi. Midomo ilikuwa ikicheza, ikihesabu. Maumivu yakamtoka usoni kama mtu aliyefutwa jasho kwa taulo, akatabasamu, akainama, akalipiga benchi kwa kipaji cha uso. Mara tatu.

"Chumba!" alipaza sauti. "Zebaki ya kipimajoto kilichovunjika, imetapakaa chini ya kitanda. Ndimu iliyokatwa na kikombe cha asali, mezani. Kitambaa cha hariri, shingoni. Ni chumba cha mke wangu siku ile!"

Mashine iliendelea kunguruma.

"Umepata, Profesa," alisema muuguzi polepole. "Pointi zote ni zako."

Fundi, aliyeingia katika chumba kile dakika kumi tu baada ya dada yake, hakuwa ameona hata kimoja cha vitu hivyo. Aliukaza mpini wa jiriwa mzunguko mmoja zaidi, akanyoosha mkono apewe nyundo.