Koti la Mhandisi Mkuu

Katika ofisi ile, koti likiachwa kitini maana yake bosi hayuko mbali. Koti la Mhandisi Mkuu wa Maji lilikuwa pale tangu alipokwenda kufanya kazi ng'ambo, na Bi Tunu, katibu muhtasi wake, alilipangusa vumbi kila asubuhi. Leo redio ilipotangaza kwamba mishahara ya wataalamu wakuu serikalini imepandishwa, alimpigia simu mbio mbio.

"Bosi, wameongeza! Rudi basi, mji una kiu."

"Laiti wangeongeza mapema, Bi Tunu. Wanangu siku hizi wanaota kwa lugha ya huku."

"Na koti?"

"Mpe atakayekuja."

Bi Tunu akakivua kiti lile koti taratibu, akafuta machozi, kisha akakigeuza kiti kitazame mlango.