Nafasi ya Nyumba

Sheria iliiruhusu kila nyumba kutoa mwanafunzi mmoja tu wa udaktari. Tunu alipofungua fomu ili achague jenetiki na biolojia ya seli, masomo ya kumwingiza chuo cha tiba, alijibiwa kwamba nafasi ya nyumba yao imeshachukuliwa.

“Mama, nani kaichukua?”

Mama yake akajishika tumbo, mimba ya miezi saba. “Mdogo wako. Wamempima humuhumu tumboni, kipaji chake kinakupita. Nikatia saini. Nisamehe, mwanangu.”

“Na miaka yote uliyonihimiza?”

“Haikupotea bure. Msomee mwenzio, keshaanza kusikia.”

Machozi yakimlengalenga, Tunu akafungua kitabu, akaliinamia tumbo.

“Moyo wa binadamu,” akasoma kwa upole, akijua fika ni vinne, “una vyumba vitatu.”