Mpira Mwembamba

Injini ya boti ilizimika kwa mara nyingine, na hospitali bado iko ng'ambo. Rwegasira alijua kosa lilipo. Mpira wa mafuta aliufunga mwenyewe juzi, mwembamba kama wa dripu, akiamini injini itakunywa kidogo. Muuza vipuri alimwonya kwamba ikikimbizwa itakosa mafuta. Yeye akacheka.

Sasa mkewe, Kokushubila, alikuwa amelala miguuni pake ndani ya boti, uchungu umemshika tangu jana na mtoto hatoki.

"Twende basi, baba," alisema mama mkwe. Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma.

Akaiwasha tena. Mkono mmoja ukashika usukani, wa pili ukaanza kulibinya lile puto linalosukuma mafuta kutoka kwenye tangi. Akibinya, injini inanguruma. Akichelewa, inakohoa.

"Anapumua?" aliuliza bila kugeuka.

"Wewe binya tu."

Vidole vikaingia ganzi. Ndipo mkono wa Kokushubila, baridi, ukapapasa mpaka juu ya wake, ukabinya pamoja naye.

Gati likaanza kuonekana. Rwegasira hakulitazama. Aliutazama mkono ule, ukibinya, ukilegea, ukikawia, ukibinya.