Kidoti Chekundu

Wiki ya maonyesho ya sanaa, kila nyumba ya Rotterdam hugeuzwa ukumbi. Mgeni akikipenda kitu hukibandika kidoti chekundu, na kikishabandikwa kimeuzwa, ilimradi kimetulia. Ndiyo maana Mwanamize huwagombeza wanawe, "Nani kawaambia mtulie? Rukeni huko!"

Mchana huo alikwenda jikoni kuepua maandazi. Aliporudi, wageni walikuwa wameshaondoka. Mama yake alikuwa amesinzia kitini, na kidoti kimekaa kwenye mtandio wake.

Wapakiaji walifika na sanduku la mbao kabla chai haijapoa. Walikuwa na adabu sana.

"Kinavunjika hiki?" mmoja akauliza.

"Ndiyo," Mwanamize akajibu. Kisha akawaona wanawe, wameganda mlangoni.

"Rukeni," akawaambia. "Rukeni!"